Somo: Mungu Hutimiza Ahadi Zake

1. Ahadi kwa Abrahamu. Mwenyezi Mungu alimwahidi Abrahamu uzao mkubwa. Abrahamu alikuwa na umri wa miaka 75, na Sara mkewe alikuwa tasa. Isaka akazaliwa babaye alipokuwa na miaka 100. Basi Abrahamu alingoja miaka 25. Mungu hakusahau, Abrahamu ndiye aliyefundishwa kungoja.

2. Mlima wa moto. Tarehe 17 Januari 2002 mlima Nyiragongo ulipasuka. Uji wa moto ulishuka, ukapita katikati ya mji wa Goma hata Ziwa Kivu. Maelfu ya watu walipoteza makao yao, na Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu likateketea. Huenda mkatekumeni akauliza moyoni: Je, ahadi ya Mungu i wapi? Waliolia siku zile hawakutenda dhambi, maana Yesu mwenyewe alimlilia Lazaro. Lakini yafaa kujua ni kitu gani kilichoahidiwa. Kristo hakuahidi popote ya kuwa nyumba za Wakristo hazitaungua. Aliahidi kukaa pamoja na watu wake siku zote, hata mwisho wa dunia. Kuta ziliungua, ahadi hiyo haikuungua. Waamini walikusanyika tena, wakasali, na watoto wao wakabatizwa.

3. Jibu la mwanadamu. Katika Ubatizo Mungu humfanya mtu kuwa mwanawe, naye mtu huahidi kumkataa Shetani na kazi zake zote. Floribert Bwana Chui aliishika ahadi hiyo. Kazi yake mjini Goma ilikuwa kukagua bidhaa zinazovuka mpaka. Akapewa rushwa ili apitishe vyakula vilivyooza, naye akakataa, asije akawadhuru maskini. Kwa sababu hiyo aliuawa mwezi wa Julai 2007, akiwa na umri wa miaka 26. Je, Mungu alimtupa? Hasha! Mungu hakumwahidi maisha marefu duniani, bali uzima wa milele. Tarehe 15 Juni 2025, huko Roma, Kanisa lilimtangaza kuwa Mwenye Heri.

Maswali
Abrahamu alingoja miaka mingapi? — Alingoja miaka 25.
Kristo aliwaahidi nini wafuasi wake? — Kukaa pamoja nao siku zote.
Mkatekumeni amjibuje Mungu mwaminifu? — Kwa kushika neno lake mwenyewe, hata likimgharimu.

Kusudi la juma hili: Kila mkatekumeni atimize ahadi moja aliyompa jirani yake, naye hajaitimiza bado.