Majina ya Watoto na Tabia Zao: Tuamini Nini?



Katika darsa zetu za baada ya Magharibi kuna swali lililorudi mara nyingi muhula huu. Wanaoliuliza zaidi ni ndugu na dada wanaokwenda kufundisha madrasa za likizo upande wa Merikit, wilayani Tororo, na ng'ambo ya mpaka huko Busia. Wanauliza: je, jina la mtoto lina uhusiano na tabia yake? Mzazi mmoja husema mwanawe ni mkaidi kwa sababu alipewa jina la babu aliyekuwa mkaidi. Mwalimu wa shule husema, huku akicheka, kwamba akina Juma na Ramadhani hawamalizi shule. Na sisi wenyewe tunapompokea ndugu aliyesilimu, jambo la kwanza kumuuliza ni ataitwa nani sasa, kana kwamba mtu anayeitwa Okoth hawezi kuswali. Nimeona tulitazame kwa dalili, maana kuna watu wanaoumia.

Nianze na hadithi ambayo watu huitegemea zaidi. Katika Sahihi ya Bukhari, Said bin al-Musayyab anasimulia kuwa babu yake alifika kwa Mtume (s.a.w.), akaulizwa jina lake, akasema ni Hazn, maana yake ardhi ngumu ya mawe. Mtume akamwita Sahl, ardhi tambarare iliyo rahisi kupitika. Mzee akakataa, akasema hatabadili jina alilopewa na baba yake. Said anaeleza kuwa ule ugumu ulibaki katika ukoo wao. Ibnul Qayyim, aliyefariki mwaka 751 Hijria, ameandika katika Tuhfatul Mawdud kwamba kuna mnasaba kati ya jina na mwenye jina, na wengi wetu tunaishia hapo.

Lakini hebu tuisome hadithi hiyo tena polepole. Jina la Hazn alipewa na baba yake, naye hakuwa na hiari. Kukataa alikataa mwenyewe, tena mbele ya Mtume (s.a.w.). Ugumu wake tunauona kwenye jibu lake. Hiyo ni fahamu yangu, na anayejua zaidi anisahihishe. Kisha tumtazame Said, mjukuu wa huyo Hazn: ni mmoja wa mafaqihi saba wa Madina, na katika Tabiina wachache wanafikia daraja yake. Kama jina lingekuwa hukumu, tusingeipata elimu ya Said.

Mtume (s.a.w.) alibadili majina kadhaa, na sababu zake zinajulikana. Mwanamke aliyeitwa Asiya kwa maana ya muasi alimwita Jamila, na hiyo imo katika Sahihi ya Muslim. Aliyeitwa Barra, yaani mwema, alimwita Zaynab, kwa kuwa katika jina hilo mtu hujitakasa mwenyewe. Angalia hapo: hata jina lenye maana nzuri liliondolewa lilipoelekea kwenye kujisifu. Upande wa pili, Umar, Uthman, Hamza, Bilal na Khadija waliingia katika Uislamu na majina waliyopewa na wazazi wao kabla ya Uislamu, na wakabaki nayo. Hakuna aliyeambiwa jina lake ni la kijahilia kwa sababu tu ya umri wake au kabila lake. Kilichoangaliwa ni maana, na kama ndani yake mna shirki, tusi au majivuno. (Ile hadithi inayosomwa sana kwenye akika, kwamba Siku ya Kiyama tutaitwa kwa majina yetu na ya baba zetu, imepokewa na Abu Daud, na yeye mwenyewe ameeleza kuwa mpokezi mmoja hakukutana na Abu Dardai. Tuitaje kwa tahadhari.)

Sasa tuje kwetu. Merikit ni nchi ya Wateso, na majirani zao ni Wajopadhola. Ukivuka mpaka unawakuta tena Wateso wa Malaba na Amukura, pamoja na Wasamia. Majina ya huku huhifadhi habari za siku ya kuzaliwa. Okoth na Akoth walizaliwa wakati wa mvua. Achieng alizaliwa jua likiwa juu. Wekesa na Nekesa walikuja wakati wa mavuno, Wanjala na Nanjala wakati wa njaa. Opio na Odongo ni pacha, Okello ndiye anayewafuata. Katika Kiteso akolong ni jua, na mtoto akaitwa hivyo. Ni nani atakayesema mvua ya Mwenyezi Mungu ina ubaya?

Ipo desturi moja ya Wateso inayohitaji tuseme wazi. Nyanya huchovya kidole kwenye ajon, pombe ya wimbi, akamnyonyesha mtoto mchanga huku akitaja majina ya wazee waliokufa. Jina litakalotajwa mtoto akinyonya ndilo lake, kwa imani kwamba mzee huyo amemchagua. Hapo tatizo ni pombe na itikadi. Mtoto akiitwa jina la babu yake kwa kumkumbuka tu, bila pombe na bila kuamini kuwa roho ya babu imeamua, sioni dalili ya kumzuia. Familia ya Kiislamu inaweza kufanya akika siku ya saba, ikamwita mtoto Hamza Opio, na nyanya akafurahi vilevile. Jina kama Adeke, ambalo kwa Kiteso ni ugonjwa, ningemshauri mzazi kwa upole alibadilishe, kama vile Waswahili wa pwani wanavyoweza kushauriwa kuhusu akina Shida, Tabu na Mashaka.

Turudi kwa yule mwalimu anayewacheka akina Juma, kwa sababu hili ndilo lenye uzito. Sikatai kwamba huenda ameona kweli watoto wenye majina ya Kiislamu wakiacha shule mapema. Swali ni kwa nini. Wakati wa ukoloni elimu ya Uganda ilikuwa mikononi mwa wamishonari, na mtoto wa Kiislamu aliyetaka kuingia shule nzuri mara nyingi alitakiwa abatizwe, au angalau achukue jina la ubatizo. Wazazi wengi walikataa. Watoto wao wakaenda buchani, sokoni na kwenye magari, na hata leo watu hutania kwamba Mwislamu wa Uganda ni dereva au muuza nyama. Jumuiya ya elimu ya Waislamu, UMEA, haikuanzishwa mpaka miaka ya 1940, na Chuo Kikuu cha Kiislamu kule Mbale kilifunguliwa mwaka 1988. Baba aliyekosa shule humsomesha mwanawe kwa taabu. Kwa hiyo jina Juma linabeba habari ya mlango uliofungwa zamani, na mwalimu anaisoma habari hiyo kama tabia ya mtoto aliyekaa mbele yake.

Jambo hili limechunguzwa kwingine. Ujerumani, mwaka 2009, Chuo Kikuu cha Oldenburg kiliwauliza walimu wa shule za msingi kuhusu majina ya wanafunzi, na jina Kevin likatokea kuhusishwa na utundu na udhaifu wa masomo. Kevin ni jina la kigeni lililopendwa na familia za kipato kidogo. Walimu walikuwa wanatazama mfuko wa mzazi. Marekani, Fryer na Levitt walichapisha mwaka 2004 uchunguzi wa kumbukumbu za vizazi vya California. Waliona kuwa wanawake wenye majina ya Kimarekani Weusi hasa huishi maisha magumu zaidi, lakini ukiweka kwenye hesabu hali ya nyumba walimozaliwa, jina lenyewe halibaki na athari ya kuonekana.

Hata hivyo tusiseme jina halina kazi yoyote, maana watu wengine hulifanyia kazi. Mwaka huohuo wa 2004 Bertrand na Mullainathan walieleza jinsi walivyotuma maombi ya kazi ya kubuni karibu 5,000 huko Boston na Chicago. Wenye majina ya kizungu waliitwa mara 1 kwa kila maombi 10. Wenye majina ya watu weusi, mara 1 kwa 15, na sifa zilikuwa zilezile. Unaogusa zaidi nyumbani ni wa Ufaransa, uliochapishwa 2010. Adida, Laitin na Valfort walibuni wanawake wawili wenye ukoo mmoja wa Kisenegali, Marie Diouf na Khadija Diouf, wenye elimu sawa na uzoefu sawa. Marie aliitwa kwa asilimia 21 ya maombi, Khadija asilimia 8. Ngozi ni moja, ukoo ni mmoja, tofauti ni jina la mama wa Waumini.

Hapa Uganda tunao mfano mchungu. Amin ni jina la sifa njema, mwaminifu, na Maquraishi walimwita Mtume (s.a.w.) Al-Amin. Idi Amin alilibeba akatawala kuanzia 1971 mpaka 1979, na tunajua damu iliyomwagika. Jina halikumfanya mwaminifu. Alipoangushwa, makumi ya Waislamu wa Bushenyi waliuawa mwaka huohuo, watu ambao hawakuwa na mkono katika utawala wake. Walikuwa na dini yake, na majina yanayofanana na lake.

Suratul Hujurat, aya ya 11, inakataza kuitana majina ya kejeli, na aya ya 12 inayofuata inakataza dhana nyingi. Kukaa kwao pamoja kunanifundisha mengi kuhusu somo hili. Mwalimu anayemwekea Juma dhana kabla ya kumwona daftari lake anaingia humo. Na sisi tunaomdhania Okoth kuwa imani yake haijakamilika, tunaingia humohumo.

Sasa la kufanya. Ndugu aliyesilimu asihimizwe kuacha jina la baba yake. Suratul Ahzab, aya ya 5, iliagiza watu waitwe kwa baba zao, na Zayd, aliyekuwa akiitwa mwana wa Muhammad, akarudi kuwa Zayd bin Haritha, ingawa Haritha hakuwa Mtume. Akipenda kuongeza Abdallah au Abdulrahman, ambayo Mtume (s.a.w.) ameyataja kuwa yanapendwa zaidi na Mwenyezi Mungu, ni kheri. Lakini asiandikishe jina jipya kwenye mtihani kabla ya kufuata sheria, ambayo kwa Uganda inataka hati rasmi na tangazo katika Gazeti la Serikali. Nimeona ndugu aliyehimizwa na wenzake akafanya haraka, na sasa vyeti vyake vina majina mawili, kila ofisi inamrudisha.

Na kwenye daftari la madrasa ya Merikit likizo ijayo, tuandike jina kama mzazi alivyolitaja. Tukiona maana yake ni mbaya tumfuate mzazi nyumbani, tuzungumze naye, mtoto akiwa anacheza nje. Wallahu a'lam.