Somo la Damu ya Mwezi na Kukinga Mimba, kwa Mwanamke Anayeishi kwa Kuuza Mwili

(Soma kwanza: Marko 5:25-34)

Dada mpendwa, somo hili ni lako wewe unayeishi kwa kuuza mwili, huko Kamituga, Misisi, au mahali pengine pa machimbo ya dhahabu katika Kivu ya Kusini. Ni lako pia, mama wa kanisa, unayeketi naye kwenye benchi moja ukingoja sindano ya mtoto. Usiruke ukurasa huu. Mwili wake unatoka damu kila mwezi kama wako, na vidudu havimwulizi mtu kazi yake wala kanisa lake.

Wengi walifika machimboni kwa sababu ya vita, au mume alifukiwa shimoni, au mume alikwenda zake akawaachia watoto. Shurti wapate franga za unga na za masomo. Habari ya kutafuta kazi nyingine inazungumzwa kwa saa yake. Hapa tunasema habari ya damu na mimba tu, kwa maana mambo haya mawili hayangoji.

DAMU YA MWEZI NI NINI?

Si uchafu, wala si ugonjwa. Ndani ya kizazi kuna utando laini unaotayarishwa kila mwezi kwa ajili ya mtoto. Mtoto asipokuja, utando unatoka pamoja na damu. Kwa wanawake wengi damu inarudi baada ya siku 21 mpaka 35, nayo inakaa siku 2 mpaka 7. Hesabu toka siku ya kwanza ya damu mpaka siku ya kwanza ya damu inayofuata. Andika alama katika kalenda. Kama hujui kuandika, funga mafundo kwenye uzi, fundo moja kila siku, na fundo kubwa siku damu inapoanza.

Kuna watu wanaomwambia mwanamke asiingie kanisani siku hizo. Yule mama wa Marko sura ya 5 alitokwa na damu miaka 12, akapenya katikati ya watu akagusa vazi la Bwana, naye hakufukuzwa. Basi tuliache neno hilo hapo, twende kwenye hatari yenyewe.

KUFICHA DAMU

Mwanamke mwenye nyumba yake aweza kulala peke yake siku za damu. Wewe huwezi kila mara. Siku 5 bila franga ni siku 5 za njaa, na mwenye chumba anadai kodi yake. Kwa hiyo wengine wanaificha damu. Wanakata kipande cha sponji ya matela, au wanakunja kitambaa au pamba, wanakisukuma ndani, halafu wanapokea watu. Mtu haoni damu. Lakini yeye mwenyewe anakisukuma kile kipande mpaka mwisho wa njia, mahali vidole havifiki upesi. Saa ya usiku mwanamke amechoka, pengine amekunywa, anasahau. Wengine wanatia cha pili, cha kwanza kingali ndani.

Sasa fahamu kinachotokea. Matela imelaliwa na watu wengi, ina vumbi na vidudu. Ndani kuna joto na damu, na vidudu vinapenda mahali pa namna hiyo. Baada ya siku chache maji yenye harufu mbaya yanatoka. Pengine vidudu vinapanda mpaka kizazini na kwenye mirija: tumbo la chini linauma, homa inakuja, na mwishoni mirija inaziba, mwanamke hapati mtoto tena siku anapomtaka. Tena kuna vidudu vingine vinavyotoa sumu inayoingia katika damu ya mwili wote. Hii ni adimu, lakini inaua upesi. Alama zake ni hizi: homa kali ya ghafula, kutapika au kuhara, kizunguzungu mpaka kuanguka, na ngozi kuwa nyekundu kama imechomwa na jua. Ukiona alama hizi na kuna kitu ndani, kitoe kama waweza, ukimbilie hospitali saa ile ile. Usingoje kesho.

Kitu kimepotea ndani? Usiogope: hakiwezi kupanda tumboni, njia ina mwisho. Kata kucha, nawa mikono kwa sabuni, chuchumaa, sukuma kama mtu anayekwenda chooni, ukitafute kwa vidole viwili. Usitumie kijiti, wala kijiko, wala waya. Usipokipata, njoo dispanseri. Anfirmie atakitoa kwa chombo chake kwa dakika chache, nawe utarudi nyumbani. Wanawake wanakaa na kitu ndani wiki nzima kwa sababu ya haya, na haya hiyo inawaletea hasara kubwa kushinda kile kitu.

Siku usizofanya kazi tumia pedi za duka, au vitambaa vya pamba vilivyo safi. Kitambaa kifuliwe kwa maji baridi na sabuni, kianikwe juani. Wengi wanakianika chini ya kitanda ili watu wasione; hapo hakikauki vizuri, na vidudu vinabaki. Kifunike kwa kanga nyembamba, lakini jua likifikie. Kikombe cha mpira cha kupokea damu ni kizuri pia. Kinachemshwa kabla ya mwezi kuanza, kinakaa ndani saa 12 tu, halafu kinamwagwa na kuoshwa. Lakini shurti ukitoe kabla ya kulala na mtu.

Kama umesikia haya yote na bado utatia kitu kwa sababu ya njaa, basi sikiliza. Kiwe kipya, safi na laini, kisitoke kwenye matela. Kiwe kimoja tu, kifungwe uzi imara unaoning'inia nje. Kitoe mara mtu anapoondoka, ukitupe, kisikae usiku kucha. Tena kapoti iwepo kila mara. Bado si njia njema. Inapunguza hatari tu.

Usijioshe ndani kwa sabuni, omo, chumvi, siki au majani. Ndani ya njia ya mwanamke mna vidudu vyema vinavyoilinda, kama walinzi mlangoni. Ukiviua, vile vibaya vinaingia bila kupigana, na virusi vya ukimwi navyo vinapata njia. Osha nje kwa maji.

MTU ASIKUDANGANYE

Wanaume wengi wanasema, “Siku za damu hakuna mimba, tuache kapoti.” Ni uongo wa hatari. Mbegu ya mwanaume yaweza kuishi ndani ya mwanamke mpaka siku 5. Mwanamke ambaye damu yake inarudi kila siku 24, yai lake laweza kutoka siku ya 10 hivi. Akilala na mtu siku ya 6, damu ikiwa inakwisha, mbegu inalingoja yai. Tena siku za damu mlango wa kizazi umefunguka kidogo, magonjwa yanapanda kwa urahisi. Na kama mwanamke mwenyewe ana virusi asiyetumia dawa, virusi vimo katika damu ile. (Yule anayemeza dawa zake kila siku mpaka virusi havionekani tena katika kipimo, hamwambukizi mtu kwa kulala naye. Basi asiziache.)

KUKINGA MIMBA, NA KUPUNGUZA DAMU

Hapa ndipo penye msaada ambao wengi hawaujui. Njia nyingine za kukinga mimba zinapunguza damu pia, hata kuikausha. Mwanamke aliye na njia hiyo hahitaji sponji.

Sindano ya miezi mitatu. Miezi ya kwanza damu inaweza kuja ovyo ovyo, kidogo kidogo, na wengi wanakasirika na kuiacha hapo. Ukivumilia, inapungua, baada ya mwaka mmoja, karibu nusu ya wanawake hawaoni damu kabisa. Siku hizi kuna sindano ndogo ya chini ya ngozi, ambayo mwanamke anafundishwa kujichoma mwenyewe tumboni au pajani. Hii yafaa sana kwa wewe unayehama toka chimbo moja mpaka jingine. Ujue jambo moja: ukiiacha, uzazi unakawia kurudi, pengine miezi 10 toka sindano ya mwisho.

Wengine wanauliza, “Damu isipotoka, inakwenda wapi? Haitajaa tumboni na kuwa uvimbe?” Hapana. Dawa inazuia ule utando kukua. Hakuna damu iliyokusanyika, basi hakuna ya kutoka.

Vidonge vya kila siku (kinini). Pakiti nyingi zina vidonge 28: 21 vya dawa, na 7 vya mwisho, mara nyingi vya rangi ya udongo, ambavyo si dawa ya kukinga mimba. Damu inakuja unapomeza vile 7. Basi ukiviacha, ukaanza pakiti mpya siku ile ile, damu haiji mwezi huo. Hakuna ubaya, damu kidogo ikichungulia, usishangae. Lakini vidonge vinataka kukumbukwa kila siku, na kazi ya usiku na pombe havisaidii kukumbuka. Ukisahau siku 2 au zaidi, meza kimoja mara moja, uendelee, na kapoti isikosekane siku 7. Mwenye damu kupanda, anayevuta sigara naye amepita miaka 35, au anayenyonyesha mtoto mchanga, asimeze vidonge hivi. Kuna njia nyingine kwa ajili yake.

Kijiti cha mkononi kinakinga mimba miaka 3 au 5, kwa namna yake, na hakuna cha kukumbuka. Katika wanawake 100 wenye kijiti, hata mmoja hapati mimba kwa mwaka. Ila damu yake haina kalenda: huyu anakauka, yule anatokwa kidogo kidogo siku nyingi. Ukisumbuliwa, njoo upewe dawa ya kuituliza kabla hujasema kitolewe.

Kitanzi cha shaba kinakaa miaka 10 na zaidi, lakini kinaongeza damu na maumivu, zaidi miezi ya kwanza. Tena hakiingizwi mwanamke akiwa na kisonono. Kwa kazi hii mimi sikitangulizi, ingawa ni njia njema kwa wengine.

Kapoti ikipasuka, au mtu akikulazimisha, kuna kidonge cha haraka. Kimeze upesi, kabla ya siku 3 kupita. Kila saa inayopita inakipunguzia nguvu. Maji ya chumvi, vidonge vya minyoo na antibiotiki havizuii mimba, hata jirani akiapa. Na kabla saa 72 hazijapita, omba dawa ya kuzuia virusi vya ukimwi, inayomezwa siku 28. Ukichelewa zaidi ya hapo, haitolewi tena.

WALINZI WAWILI

Sasa usije ukasema, “Nina kijiti, nimelindwa.” Kijiti kinalinda mlango mmoja tu, ule wa mimba. Mwaka wa 2019 yalitangazwa matokeo ya utafiti mkubwa uliofanywa Afrika Kusini, Kenya, Zambia na Eswatini kwa wanawake 7,829. Wengine walipewa sindano, wengine kijiti, wengine kitanzi cha shaba. Ilionekana kwamba hakuna tofauti kubwa kati ya njia hizo tatu katika kupata virusi vya ukimwi. Ile hofu ya watu juu ya sindano haikuthibitika. Lakini wanawake 397 waliambukizwa wakati wa utafiti. Njia zote tatu zinakinga mimba vizuri, na hakuna iliyozuia virusi.

Kwa hiyo walinzi ni wawili: njia ya kukinga mimba, na kapoti kila mara. Kapoti isipakwe mawese wala vaselini, zinaipasua. Omba yale mafuta ya maji dispanseri. Usivalishe mbili pamoja. Ile ya wanawake yaweza kutiwa mapema, kabla mtu hajalewa na kuanza ubishi. Kuna pia kidonge cha kila siku cha kuzuia virusi kwa mtu asiye navyo. Uliza kama kipo kwenu.

Kapoti nayo ina mipaka. Mpox ilipotokea Kamituga mwaka wa 2023, wanawake wa kazi hii walipatwa mapema, na watu wakawatukana kana kwamba waliiumba. Ugonjwa ule unapita ngozi kwa ngozi. Ukiona vipele kwa mtu, au kwako, usilale naye, njoo uonyeshe.

SIKU YA KUJA DISPANSERI

Njoo ikiwa damu inalowesha pedi nzima kila saa, au inapita siku 8, au inatoka baada ya kulala na mtu. Hii ya mwisho yaweza kuwa alama ya kanseri ya mlango wa kizazi, ambayo inapimwa kwa siki tu, bila kupasua, nayo ikionekana mapema inatibiwa. Damu ikikosa kuja bila sababu, pima mimba wiki ile ile.

Huna lazima kututajia kazi yako. Lakini ukitaja, tutakupa kapoti nyingi kushinda wengine, na tutakupima magonjwa hata kama huumwi. Neno ambalo shurti useme ni dawa unazomeza. Dawa za kifua kikuu zinadhoofisha vidonge na kijiti, na dawa nyingine za ukimwi vilevile. Hapo anfirmie atakuchagulia sindano. Sema pia kama unanyonyesha, na kama uliwahi kuvimba mguu mmoja ukauma sana. Leta karte yako ya hospitali, na ule uzi wa mafundo.