Matumizi Salama ya Kipima-Gesi cha Mkononi

Katika maabara yetu kimo chombo kidogo cha kushikika kwa mkono mmoja, ambacho kazi yake ni kugundua gesi iwakayo inapovuja. Mimi ni kiranja wa maabara, na kila mitungi ya gesi inapobadilishwa humfuata mwalimu wetu wa fizikia kwenda kupima stoo ya jikoni na meza za maabara. Wadogo zetu wakituona huuliza swali moja tu: "Kimesema pako salama?" Swali hilo ndilo lililonisukuma kuandika somo hili. Chombo hiki hakijui usalama. Kinajua jibu la swali moja tu, na mtu asiyejua swali hilo ni lipi aweza kufa nacho kikiwa mkononi.

Gesi huwaka lini?

Gesi peke yake haiwaki. Hapana budi ichanganyike na hewa kwa kadiri maalumu. Ikiwa kidogo mno haishiki moto, na ikiwa nyingi mno hewa haitoshi kuiunguza. Methani, kwa mfano, hulipuka ikiwa kati ya sehemu 5 na sehemu 15 katika kila 100 za hewa. Propani, iliyo katika mitungi ya kupikia pamoja na butani, huanza kulipuka ikifika karibu 2 tu kwa mia. Kadiri hiyo ya chini ndiyo iitwayo kiwango cha chini cha kulipuka.

Namba inayoonekana kwenye kioo cha chombo ni sehemu ya kiwango hicho, siyo sehemu ya hewa yote. Chombo kilichowekwa kwa methani kikionyesha 100, maana yake methani imefika 5 kwa mia ya hewa, na cheche moja yatosha. Kikionyesha 20, methani ni 1 kwa mia. Vyombo vingi huwekwa vipige kengele vikifika 10 au 20, ili mtu apate nafasi ya kutoka mapema.

Chombo hugunduaje?

Wachimbaji wa makaa ya mawe wa zamani hawakuwa na chombo kama hiki. Mwaka 1812 mlipuko katika mgodi wa Felling, Uingereza, uliua watu na watoto 92. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1815, Humphry Davy alitengeneza taa ambayo moto wake umezungukwa na wavu wa waya. Taa hiyo ilimpa mchimbaji mwanga, tena ilimwonya, maana palipo na methani ndimi za moto zilibadilika na kuvaa kofia ya rangi ya buluu.

Vyombo vingi vya leo vinafuata wazo lilelile, yaani kuunguza gesi kidogo mahali palipofungwa salama. Ndani mna shanga mbili ndogo zenye waya wa platinamu, zinazopashwa moto kwa umeme wa betri. Moja imepakwa dawa inayoisaidia gesi kuungua juu yake, nyingine haikupakwa. Gesi ikiingia, shanga ya kwanza huzidi joto, na umeme hupita kwa shida zaidi katika waya wake. Chombo hulinganisha shanga hizo mbili, kisha hutoa namba. Shikeni neno hili: lazima iungue. Karibu makosa yote ya kutumia chombo hiki hutoka katika kulisahau.

Kanuni za kupima

1. Kiwashe nje, penye hewa safi, ukingoje kipate joto na kuonyesha 0. Ukikiwasha ndani ya chumba chenye gesi na kukiamuru kihesabu hewa ile kuwa safi, umekifundisha uongo.

2. Kabla ya kazi ya kila siku, kijaribu kwa gesi maalumu ya kupimia ambayo kiasi chake kinajulikana. Kisipoitika, kisitumike. Watu wengine hukijaribu kwa kiberiti cha gesi. Hiyo ni desturi mbaya, kwa kuwa gesi hiyo ni nyingi mno, huweza kuharibu shanga, na haikuambii kama namba ni ya kweli.

3. Jua kimesahihishwa kwa gesi gani. Kilichosahihishwa kwa methani kikipelekwa kwenye propani huonyesha namba ndogo kuliko ya kweli. Fundi apaswa kukisahihisha kwa tarehe zilizoandikwa katika kitabu chake.

4. Anzia mlangoni, uende polepole. Shanga haiitiki papo hapo. Hutaka sekunde kadhaa, na kama kuna mpira mrefu wa kuvutia hewa, hutaka zaidi. Anayepita mbio huiacha hatari nyuma yake.

5. Pima mahali gesi inapokaa. Propani na butani ni nzito kuliko hewa, hutambaa sakafuni na kujaa mashimoni na mifereji ya maji machafu. Methani ni nyepesi, hupanda darini. Kushika chombo usawa wa kifua na kuondoka si kupima.

6. Kengele ikilia, toka na utoe wengine. Usiguse swichi ya taa, iwe kuwasha au kuzima, usipige simu humo ndani, usiwashe kiberiti. Kama koki ya mtungi iko karibu na waweza kuifikia bila kuingia kwenye hatari, ifunge, na acha milango wazi. Betri isibadilishwe wala kuchajiwa hapo, na chombo kisifunguliwe. Chumba kikishapata hewa safi na kupimwa upya, ndipo hutafutwa mahali hasa panapovuja, kwa povu la sabuni kwenye koki na mipira.

Pale chombo kinaponyamaza

Sasa nafika kwenye jambo kubwa. Kuna namna nne ambazo chombo chaweza kuonyesha 0, nawe uko karibu na kifo.

Kwanza, gesi yaweza kuwa nyingi kupita kiasi. Hewa ikikosekana, gesi haiungui juu ya shanga. Namba hupanda ghafla, kisha huanguka. Vyombo vingine vya kisasa hushikilia alama ya kuzidi, lakini si vyote. Namba iliyoruka na kushuka ni onyo, siyo nafuu.

Pili, shanga yaweza kuwa imekufa. Mvuke wa silikoni, uliomo katika mafuta na gundi nyingine, huifunika ile dawa isifanye kazi tena. Kioo kitawaka kama kawaida, lakini chombo hakitahisi kitu. Ndiyo sababu ya kanuni ya pili.

Tatu, sumu yaweza kuua kabla haijafikia kiasi cha kuwaka. Jiko la mkaa likiachwa katika chumba kilichofungwa hutoa kaboni monoksaidi. Gesi hiyo huwaka, lakini humwua aliyelala kwa kiasi kidogo sana ambacho hakitapigisha kengele ya chombo hiki.

Nne, gesi yenyewe yaweza kuwa haiwaki kabisa. Sisi tukaao kando ya Ziwa Kivu tunalijua jambo hili kuliko wengi. Katika maji ya chini ya ziwa letu kuna methani, ambayo kiwanda cha pombe cha Gisenyi kilianza kuitumia mwaka 1963, na ambayo sasa huzalisha umeme huko Karongi. Lakini pamoja nayo kuna kaboni dayoksaidi nyingi zaidi. Nchi ya volkano inayotuzunguka nayo huitoa ardhini, ikalala mabondeni na mashimoni kwa kuwa ni nzito. Wenyeji wa Goma huiita mazuku, nayo imeua mifugo na watu. Nchini Kamerun, mwaka 1986, kaboni dayoksaidi iliyotoka Ziwa Nyos iliua watu zaidi ya 1,700. Kipima-gesi iwakayo, kikiteremshwa katika shimo la mazuku, kitasema 0, nacho kitakuwa kimesema kweli: hakuna kiwakacho humo. Shimo kama hilo latakiwa lipimwe pia kwa kipimo cha oksijeni na cha kaboni dayoksaidi. Na mwenzako akianguka humo, usimfuate. Ita watu wenye vifaa, la sivyo watachimba makaburi mawili.

Kwa hiyo, ninyi wanafunzi wa zamani mlio katika karakana, mahoteli na mitambo ya ziwani, mkipewa chombo hiki ulizeni kwanza: kinapima gesi ipi, kilijaribiwa lini, na ni hatari gani ya mahali hapa kisichoweza kuiona? Bosi asiyeweza kuwajibu asiwapeleke shimoni. Chombo ni shahidi mwema, lakini shahidi hujibu lile aliloulizwa tu.

Maswali ya kujipima

1. Chombo kilichosahihishwa kwa methani kinaonyesha 40. Methani ni kiasi gani kwa mia ya hewa?
2. Kwa nini stoo ya mitungi hupimwa karibu na sakafu?
3. Namba imepanda hadi 90, kisha ikarudi 0. Utafanya nini, na kwa nini?
4. Taja hatari mbili zilizo karibu na nyumbani kwenu ambazo chombo hiki hakiwezi kuzigundua.

Mwanafunzi wa mwaka wa sita