Dondoo muhimu: Kufunga kihisi cha shinikizo la hewa kisimani

Kihisi kilichozama kisimani hupima uzito wa maji pamoja na hewa iliyo juu yake, kwa hiyo unahitaji cha pili kinachopima hewa peke yake.

1. Kabla ya kushusha, weka vyote viwili mezani vikiwa vikavu, visome sawa.
2. Ning'iniza cha hewa ndani ya kisima, mahali pa juu ambapo maji hayafiki kamwe. Usikiweke kwenye paa la mabati, lina joto mno.
3. Toboa kifuniko. Kisima kilichozibwa kabisa ndicho kosa la kila siku.
4. Linganisha saa za vihisi vyote viwili na virekodi kwa pamoja: Nairobi shinikizo hupanda mwendo wa saa nne asubuhi, likashuka saa kumi jioni, kwa hektapaskali 3 hivi, na kila moja ni takriban sentimita 1 ya maji.
5. Kihisi kimoja cha hewa chaweza kuhudumia Kilimani na Lavington, ila cha katikati ya jiji usikitegemee Karen bila marekebisho. Mita 100 za mwinuko ni karibu sentimita 10 za maji.
6. Usinakili shinikizo la kwenye simu. Jijini ni kati ya hektapaskali 810 na 840. Ukiona 1,015, hilo limekokotolewa kwa usawa wa bahari, na kina chako kitakosea kwa karibu mita 2.
7. Kila unapopakua data, pima pia kwa utepe, pampu ikiwa imezimwa na maji yametulia. Muulize mlinzi ilizimwa lini. Meneja wa jengo atakisia tu.