Tundu Lisikudanganye: Somo Fupi la Chaja, Simu na Tableti

Safari hii naomba tuache kidogo habari za viza na ada, tuzungumzie kitu ambacho kila mmoja wetu anacho: chaja. Ukiingia chumba cha mwanafunzi wa kwetu hapa Uingereza utakuta droo imejaa nyaya. Simu ina tundu la USB-C, tableti ya zamani ina Lightning, spika ina micro-USB, na ipo chaja moja ya pini ya duara ambayo hakuna anayekumbuka ni ya nini. Sasa kwa kuwa nasoma uhandisi wa umeme, swali huwa ni lile lile: "Kaka, nikichomeka hii kwenye ile, haitaungua?"

Jibu halipo kwenye umbo la tundu. Lipo kwenye yale maandishi madogo mgongoni mwa chaja, mstari ulioandikwa OUTPUT. Hapo utaona volti (V) na ampea (A). Chukulia tangi la maji juu ya mnara. Volti ni ule msukumo unaotokana na urefu wa mnara, na ampea ni wingi wa maji yanayopita kwenye bomba. Msukumo ukizidi, bomba linapasuka. Lakini tangi likiwa kubwa tu, wala hakuna tatizo, maana wewe ndiye unayefungua koki kwa kiasi chako. Simu nayo ndiyo hivyo hivyo: chaja ya 5V, 3A haiilazimishi simu ya 1A kunywa ampea tatu. Kwa hiyo wale wanaoogopa "chaja yenye ampea nyingi" wanaogopa kitu kisicho na madhara. Cha kuogopa ni volti zisizolingana.

Zidisha volti kwa ampea upate wati. Tableti yenye betri ya mAh 8,000 hubeba kama wati-saa 30. Chaja ndogo ya 5V, 1A inatoa wati 5, yaani saa sita na zaidi, tena ukiwa umeizima. Ukiichomeka kwenye tundu la USB la kompyuta ya zamani, lile la 0.5A, unapata wati 2.5 tu. Ukiwa unaangalia video huku unachaji, asilimia zinaweza hata kushuka. Tableti si mbovu, jamani. Ina kiu kuliko bomba ulilolipa.

Mbona basi matundu ni mengi hivi? Wenye umri wangu wanakumbuka Nokia za pini nene na Nokia za pini nyembamba, na kila kampuni na yake. Mwaka 2009 watengenezaji wakubwa, wakiwemo Nokia, Samsung na Apple, walikubaliana na Kamisheni ya Ulaya kwa hiari kwamba simu zichajiwe kwa micro-USB. Apple wakaitikia kwa kuuza adapta, na mwaka 2012 wakaleta Lightning yao. USB-C ilitangazwa 2014. Hiari ilipochosha, Umoja wa Ulaya ukatunga sheria mwaka 2022: kuanzia tarehe 28 Desemba 2024 simu na tableti mpya zinazouzwa huko lazima ziwe na USB-C. iPhone ilihamia mwaka 2023.

Wengi wakadhani mambo yamekwisha. Hayajaisha, na hapa ndipo pana utamu wake.

Kwenye USB-C, chaja haimwagi umeme ovyo. Inasubiri kwanza. Kifaa kinatakiwa kiwe na rizista mbili ndogo za kilo-omu 5.1, kama kubisha hodi. Chaja ikizihisi, inatoa 5V. Baada ya hapo simu yenye uwezo inaanza mazungumzo: "naomba 9V", na chaja ikiwa nayo inakubali, isipokuwa nayo wanabaki kwenye tano. Ndiyo maana chaja ya laptop ya wati 65 yenye USB-C, ikiwa ya kweli na si bandia, unaweza kuichomeka kwenye simu bila hofu yoyote.

Sasa kuna spika, taa na tableti za bei rahisi ambazo mtengenezaji ameamua kubana senti, rizista hakuziweka. Ukitumia waya wa USB-C pande zote mbili, kimya! Mtu anasema kifaa kimekufa, anakitupa. Kumbe ukichukua waya wa kizamani, wenye ule mdomo mpana wa mstatili upande wa chaja, kinachaji vizuri kabisa, kwa sababu chaja ya aina hiyo hutoa 5V muda wote bila kusubiri hodi. Jaribu hilo kabla ya kutupa chochote. Na msidhani ni vifaa vya uchochoroni tu: Raspberry Pi 4, kompyuta ndogo iliyobuniwa hapa hapa Uingereza, ilitoka mwaka 2019 ikiwa na rizista moja badala ya mbili, ikawa inakataa baadhi ya nyaya nzuri zenye chipu ndani. Walirekebisha baadaye.

Nyaya nazo zina siri zake. Waya wa kawaida wa USB-C unabeba hadi 3A, na wa 5A lazima uwe na chipu. Ule mrefu mwembamba wa paundi moja, ukiwa na ukinzani wa robo omu tu, ukipitisha 2A unapoteza nusu volti njiani. Chaja inatoa tano, tableti inapokea nne na nusu. Kabla ya kulaumu betri, badilisha waya. Vile vichwa vidogo vya kugeuza micro-USB kuwa USB-C ni sawa, ila tegemea chaji ya polepole.

Narudi kwenye pini ya duara, maana hiyo ndiyo hatari kweli, hasa kwa tunaotuma vitu nyumbani. Pini ya duara haina mazungumzo yoyote. Kuna tableti za zamani za pini hiyo zinazotaka 5V, nyingine 9V, na chaja ya ruta mara nyingi ni 12V. Pini zinaweza kuingia vizuri kabisa kwenye tundu lisilo lake. Fikiria mdogo wako amepokea tableti ya kusomea, chaja yake imepotea, akachomoa ya ruta. Dakika chache tu, habari imekwisha. Ukituma kitu cha namna hiyo, andika volti zake kwenye plasta, bandika juu ya chaja na juu ya tableti pia.

Upande wa ukutani, soma INPUT. Ikiwa 100-240V, chaja inafanya kazi hapa, Marekani na nyumbani. Wenzetu walioko Marekani wajue kwamba mashine ya kukaushia nywele iliyoandikwa 120V peke yake ikifika kwetu itaungua, hata ukiiwekea adapta ya pini, kwa sababu adapta inabadilisha umbo tu. Sisi wa Uingereza pini zetu tatu zinaingia Kenya, Uganda na Tanzania bila shida, lakini wa Burundi na Kongo mbebe adapta ya pini za mviringo.

Na kwa wanaosafiri likizo: pawabenki haikai kwenye sanduku la kupakia chini, inabebwa mkononi. Hadi wati-saa 100 kwa kawaida haihitaji kibali. Zidisha mAh kwa 3.7, gawanya kwa 1,000. Ya 20,000 ni wati-saa 74, inapita. Ya 30,000 ni 111, hiyo wapigie shirika la ndege kabla hujafunga mizigo.