Usisubiri Januari: Kijitabu cha Kaya Kuhusu Pombe na Dawa za Kulevya Wakati wa Sikukuu

Kwa nini kijitabu hiki

Kila mwaka ni yale yale. Wiki ya kwanza ya Januari mgonjwa analetwa wodini hali imeshaharibika, na ndugu zake wanakiri kwamba dalili walianza kuziona mapema Desemba. Ukiwauliza mbona hawakumleta, jibu ni moja: "Tulisema sikukuu zipite kwanza." Na hao ni waliobahatika kufika.

Kama nyumbani kwenu yupo aliyeshindwa kuacha pombe, unga (heroini), bangi au vidonge, mpelekeni hospitali sasa. Msisubiri Januari. Hata ukiishia hapa na kijitabu ukafungia maandazi, neno langu kubwa umeshalipata.

Mnachosubiri

Najua sababu. Wageni wanakuja, nauli ya kwenda kijijini imepanda, na mama mkwe asijue. Lakini Desemba ndiyo mwezi ambao pombe inamfuata mtu hadi sebuleni: harusi, kipaimara, kreti za bia chini ya meza, na shemeji anayesema "moja tu, leo sikukuu." Aliyekuwa anayumba Novemba hawezi kusimama peke yake Desemba. Kumngojea hadi Januari ni kumwacha apite palepale panapomwangusha.

Kabla ya tarehe 20 Desemba

Kabla ya kununua mchele na mafuta ya kupikia, jueni mambo matatu: hospitali gani iliyo karibu inapokea wagonjwa wa dharura usiku na siku za sikukuu, nani mwenye gari au bajaji atakayekubali kuamshwa saa nane za usiku, na namba ya simu ya mhudumu wa afya wa mtaa wenu. Ziandikeni ukutani kwa kalamu, maana simu huisha chaji.

Afisa ustawi wa jamii wa kata au wilaya atawaeleza ilipo nyumba ya upataji nafuu (sober house) iliyosajiliwa. Nendeni mkaione kabla ya kulipa. Mkikuta watu wamefungwa minyororo au wanachapwa, ondokeni na mgonjwa wenu.

Namba 119 ya Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya hupigwa bure. Ulizeni hapo mahali pa kupata tiba.

Anayetumia unga

Tiba ipo, nayo haiuzwi. Kliniki ya methadoni, dawa inayotolewa badala ya unga, ilianza Muhimbili mwaka 2011, zikafuata Mwananyamala na Temeke, na sasa huduma ipo pia Dodoma, Mwanza, Mbeya, Unguja na kwingineko. Anayekwenda kule anakwenda kutibiwa. Si kituo cha polisi.

Aliyekwisha kuanza methadoni hunywa dozi yake kila siku, Krismasi ikiwemo. Akitaka kusafiri kwenda kwao Moshi au Bukoba, awaambie wahudumu wa kliniki kabla ya kukata tiketi ya basi, wampangie. Akiondoka kimya, arosto, yaani mateso ya mwili kukosa dawa, itamkuta njiani, na kwenye arosto mtu hununua chochote. Akikosa dozi siku kadhaa asijipimie mwenyewe "kufidia". Arudi kliniki. Na asichanganye methadoni na pombe wala valiamu. Mchanganyiko huo huzima pumzi.

Aliye hatarini zaidi ni aliyeacha kwa muda: katoka gerezani, katoka nyumba ya upataji nafuu, anarudi nyumbani kula sikukuu. Mwili wake haumudu tena kiasi alichokuwa akitumia zamani. Kipimo kile kile cha mwaka jana kinaweza kumuua usiku mmoja. Asiachwe peke yake na marafiki wa zamani.

Kumfungia chumbani

Msifanye hivyo. Familia nyingi huona njia rahisi ni kumfungia mlevi siku tatu ili wageni wamkute ameacha. Aliyezoea kunywa kila siku akikatishwa pombe ghafla anaweza kutetemeka, kutoka jasho, kuanguka kifafa, kuona vitu visivyokuwepo, na kufa. Huyu anaachishwa pombe chini ya uangalizi wa daktari. Msimwekee kwenye mchuzi dawa ya kienyeji au ya dukani bila yeye kujua. Zipo zinazogongana na pombe hadi moyo ukashindwa. Msimpige. Maombi na yaendelee, lakini mgonjwa awe hospitali. Na msisubiri Januari.

Amelewa na haamki

"Mwacheni alale, pombe itamtoka." Neno hili limeshazika watu.

Mwite kwa sauti, mtikise bega. Asipoitika, au akipumua kwa kukoroma na kusita, au mwili ukiwa wa baridi, au akitapika huku hajitambui, hiyo ni dharura. Mlaze kwa ubavu ili matapishi yatoke nje. Asilazwe chali. Usimpe kahawa, maziwa, maji wala supu, atapaliwa. Usimmwagie maji ya baridi. Usimpakie kwenye bodaboda akiwa hajitambui. Mtu akae naye hadi usafiri ufike, na pumzi iangaliwe muda wote.

Pombe msiyojua ilikotoka

Gongo na pombe kali ya chupa isiyo na nembo zinaweza kuwa na sumu. Sumu hiyo huchelewa: mtu huamka kesho yake akidhani ni hangova tu, kisha kichwa na tumbo vinamuuma, na macho yanaona ukungu. Anayeona ukungu baada ya kunywa apelekwe hospitali saa hiyo hiyo, pamoja na chupa aliyonywea. Aliokunywa nao pia waende, hata kama wanajisikia wazima.

Mjamzito

Asinywe kabisa.

Watoto

Mtoto haonjeshwi pombe, hata kwa kidole.

Namna ya kumwambia

Asubuhi, akiwa hajanywa, na mbali na wageni. Aende mtu mmoja anayemheshimu, awe mjomba, shangazi au kaka mkubwa. Baraza la ukoo zima humfanya akimbie. Maneno yawe machache: "Mdogo wangu, nakuona unaumia. Kesho tunakwenda hospitali wote, nitakaa nawe kwenye foleni." Akikataa, rudi kesho kutwa. Kama anayekunywa ni mama mwenye nyumba, mwambieni kwa staha ile ile. Wanawake hufichwa zaidi, na huchelewa zaidi kuletwa.

Kama mmeshachelewa

Kama mnasoma haya na Januari imeshafika, nendeni leo. Msianze kusubiri Pasaka.