Kubadili Tairi la Pikipiki

Motokaa ikipasukiwa na tairi moja, hubaki matatu ya kuishikilia. Pikipiki haina akiba hiyo. Tairi likipasuka katika mwendo wa kasi, dereva na abiria wake huweza kuanguka papo hapo. Katika Afrika Mashariki pikipiki za abiria, ziitwazo bodaboda, huchukua watoto kwenda shule na wagonjwa kwenda hospitali. Kwa hiyo mtu atakaye kubadili tairi nyumbani kwa mikono yake mwenyewe hana budi kuijua kazi kabla ya kuianza.

Mwaka 1888 John Boyd Dunlop, daktari wa wanyama aliyekaa Belfast, alipata hati ya uvumbuzi wa tairi la upepo. Alikuwa amelitengeneza kwanza kwa ajili ya baiskeli ya mwanawe, yenye magurudumu matatu. Upepo ulipunguza mishtuko ya njia, lakini tairi lile lilikuwa limegandishwa katika gurudumu, na kulitoa kulikuwa taabu. Mwaka 1890 Mwingereza mmoja, Charles Kingston Welch, alibuni njia iliyo bora. Alitia waya ndani ya kingo mbili za tairi, nayo ringi akaifanya iwe na bonde katikati, kuizunguka pande zote.

Siri ya kazi imo katika waya ule na bonde lile. Waya hautanuki. Ukingo wa tairi hauwezi kupanda juu ya mdomo wa ringi upande huu, mpaka ukingo huo huo uwe umeshuka bondeni upande wa pili. Asiyejua jambo hili huvuta kwa nguvu zake zote, na mwisho huukata mpira wa ndani au huukunja mdomo wa ringi. Ajuaye huegemeza goti ng'ambo, ukingo ukashuka, nao upande wa pili ukalegea.

Kazi yenyewe huenda kwa taratibu. Kwanza pikipiki husimamishwa imara juu ya stendi yake, mahali palipo sawa. Nati hulegezwa, gurudumu hutolewa, na kila nati na pini huwekwa katika kopo moja zisipotee. Kisha upepo hutolewa wote, na nati ya vali hufunguliwa. Kingo zote mbili hukanyagwa mpaka ziachane na ringi. Hapo vyuma viwili bapa vya kutolea tairi hupenyezwa karibu na vali, na ukingo huinuliwa kidogo kidogo, huku goti likiukandamiza ng'ambo. Ukingo mmoja ukiisha kutoka, mpira wa ndani huvutwa nje, kisha hutolewa ukingo wa pili.

Sasa ndipo mahali pa kutazama sana. Iwapo lililoharibu tairi ni msumari au mwiba, yapasa utafutwe na kung'olewa. Ukiachwa, mpira mpya nao utatobolewa kabla ya jioni. Utepe unaofunika vichwa vya spoku ndani ya ringi nao hutazamwa, maana ukichanika, spoku zenyewe hutoboa mpira.

Tairi jipya mara nyingi lina mshale ubavuni, unaoonyesha upande wa kuzunguka. Kingo zake hupakwa maji ya sabuni, ziteleze. Mafuta hayafai, kwa kuwa huharibu mpira. Ukingo wa kwanza huingizwa, kisha mpira wa ndani hutiwa upepo kidogo, upate umbo usijikunje, nao huwekwa mahali pake. Ukingo wa pili huanzwa ng'ambo ya vali na kumalizwa penye vali. Vali husukumwa ndani kidogo, ili mpira usibanwe chini ya ukingo, kisha hurudishwa.

Tairi likiisha kujazwa, mstari ulio ubavuni mwake hutazamwa kuzunguka pande zote. Ukiwa karibu na ringi mahali pamoja na mbali mahali pengine, tairi halijakaa. Upepo hutolewa, na kazi hurudiwa. Kipimo cha upepo hufuatwa kama kilivyoandikwa na watengenezaji wa pikipiki. Mwisho gurudumu hurudishwa, mnyororo hunyoshwa kwa kiasi chake, nati hukazwa, pini hutiwa, na breki hujaribiwa pikipiki ikiwa bado imesimama. Kisha dereva huiendesha polepole peke yake, mbali kidogo, akarudi na kuzitazama nati tena.

Matairi yasiyo na mpira wa ndani yana ukingo mgumu zaidi, na mara nyingi hutaka mashine. Hayo ni heri kupelekwa kwa fundi.

Abiria apandaye asubuhi haoni ndani ya tairi, wala haulizi ni nani aliyekaza nati. Hupanda kwa kumwamini dereva. Kwa ajili ya mtu huyo kazi hurudiwa mara ya pili, hata kama jua limekuchwa na mikono imechoka.

MASWALI
1. Waya na bonde vina kazi gani?
2. Kwa nini mpira wa ndani hutiwa upepo kidogo kabla ya kuingizwa?
3. Dereva hufanya nini kabla ya kuchukua abiria?